Kibanio Kilichobaki

Katika gereji ile, gari likirudi na ugonjwa uleule, boneti haifunguliwi kabla swali moja halijaulizwa. Mwenye gereji hujifuta mikono, huwaita mafundi mbele ya mteja, kisha husema, "Mkono wa nani?" Aliyekosea hujibu, "Wangu," naye huirudia kazi hiyo siku hiyohiyo huku wenzake wakimtania. Hakuna hotuba, hakuna kusingizia spea wala mashimo ya barabarani. Wateja waliipenda desturi hiyo. Walisema kwamba kwenye gereji nyingine, gari likirudi, mafundi wote hugeuka wapita njia.

Cheche alikuwa fundi umeme pekee pale, na mwanamke pekee. Jina lake la nyumbani lilisahauliwa tangu siku yake ya kwanza, alipogusisha spana kwenye vichwa vyote viwili vya betri na kumfanya fundi bodi amwage chai yake yote kifuani. "Huyu ni Cheche," alisema Mjomba, na jina likakaa. Mjomba alikuwa mjomba wake kweli, kaka wa mama yake, lakini gereji nzima ilimwita hivyo, hata mwenye gereji aliyemzidi umri. Ndiye aliyemleta mpwa wake kazini na kumfundisha kushika mita ya umeme. Kazi yake mwenyewe ilikuwa injini, na katika injini hakuna aliyemfikia kwa kufunga mkanda wa taiming.

Mkanda huo huunganisha shafti mbili. Ya chini, yaani krenki, huzungushwa na pistoni. Ya juu, yaani kamshafti, hufungua na kufunga vali. Kila moja ina gurudumu lenye alama ndogo, si kubwa kuliko punje ya mchele, na alama hizo lazima zikae mahali pake kabla mkanda haujakazwa. Jino moja tu likipishana, injini hukosa raha. Mafundi wengine walimulika tochi, wakakodoa macho, wakaomba na kioo. Mjomba aliinamisha kichwa mara moja tu, akaendelea kuimba.

"Macho haya," alizoea kujisifu, "yanasoma gazeti la jirani kutoka ng'ambo ya barabara. Tena ukurasa wa matangazo ya vifo."

"Ukiliona jina lako humo utuambie," fundi bodi alimjibu.

Mkunga mmoja alipolirudisha gari lake mara ya kwanza, wiki chache zilikuwa zimepita tangu lifanyiwe kazi mbili kwa mpigo. Mjomba alikuwa amelibadilishia mkanda. Cheche alikuwa amelifungia taa mbili za ziada chini ya bampa, kwa kuwa mkunga hutoka alfajiri kwenye ukungu kwenda kwa wajawazito wasioweza kusafiri. Sasa gari hilo dogo la kijivu liliwaka kwa kuvutavuta, na likishapata moto lilizima bila kuaga. Kwenye dashibodi, taa ya injini ilimkodolea dereva jicho la njano.

"Nimewahi kuzalisha watu wagumu," mkunga alisema, kwa ile sauti yake ya kuamrisha watu wapumue, "lakini hakuna aliyenisumbua kama hili gari."

Cheche alikuwa na mashine mpya ya kusoma kompyuta za magari, na bado alikuwa akiifuta kioo chake kwa kitambaa safi. Aliichomeka chini ya usukani. Mashine ikaandika kwamba ishara ya kamshafti na ishara ya krenki hazikubaliani.

Sensa ya kamshafti ni kifaa kidogo kama kidole gumba, kilichochomekwa karibu na ile shafti ya juu. Kila jino la shafti linapopita mbele yake, sensa hutuma mpigo wa umeme kwenye kompyuta, nayo kompyuta huulinganisha na mipigo inayotoka chini ili ijue ni silinda ipi inayosubiri mafuta. Mipigo isipokubaliana, kuna mambo mawili ya kushuku. Huenda shafti zenyewe zimepishana, yaani mkanda umeruka jino. Au huenda shafti ziko sawa, ila habari inapotea njiani, kwenye sensa, kwenye soketi au kwenye waya. Mjomba alikuwa amemfundisha kuanza na hilo la pili. "Waya kwanza," alimwambia siku zote. "Waya unaupima hapohapo ulipo. Mkanda mpaka uvue nusu ya injini."

Siku ile Cheche hakuupima waya. Injini ilikuwa ya moto, mkunga alikuwa anatazama saa, na mashine mpya ilikuwa imeshasema. Kisha wazo la waya lilipompitia kichwani, lilikuja limeshikana mkono na wazo jingine: ni nani aliyepekuapekua nyaya za gari hili hivi karibuni? Wazo hilo hakulikaribisha kiti. Aliinua kichwa akasema, "Mkanda umeruka jino."

Mwenye gereji akajifuta mikono. "Mkono wa nani?"

Mjomba aliweka kikombe chini. "Wangu," alisema polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na sauti asiyoijua.

Alilifungua gari peke yake, na hakuimba. Alipomaliza, injini iliwaka kwa mguso mmoja na ikakaa kwenye moto bila kukohoa. Mkunga akaondoka. Fundi bodi akauliza kwa sauti kama gazeti la jirani bado linasomeka. "Linasomeka," Mjomba alijibu, "ila siku hizi herufi zinacheza ngoma." Wote wakacheka, na Cheche akacheka nao. Alifurahi kwamba mashine yake haikumwaibisha.

Kesho yake Mjomba alimwambia mwenye gereji kwamba mikanda yote apewe fundi wa pili wa injini. Macho yamemuaga, alisema. Tangu hapo alibaki na kumwaga oili na kubadilisha breki. Cheche alimwonea huruma, akamnunulia miwani ya kusomea kwa mchuuzi wa barabarani, miwani yenye fremu ya kahawia na kamba ya kuvaa shingoni. Mjomba aliijaribu, akatazama huku na huku.

"Dunia inaogelea," alisema.

"Utaizoea, Mjomba."

"Basi nitaizoea, mpwa wangu. Kama umenunua wewe, nitaizoea."

Aliivaa kila siku, na kila alipoivaa macho yalimtoka machozi.

Cheche alikaa chumba cha uani nyumbani kwa Mjomba. Mke wa Mjomba alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka yote ya ndoa yao, mumewe ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano kila aliporudi kazini. Alifanya hivyo akiwa bado amesimama, viatu miguuni, kwa mkono mmoja wenye harufu ya petroli. Jioni moja Cheche alimkuta mama huyo mlangoni, ameshika sindano na uzi.

"Hebu nitungie, mwanangu. Mjomba wako hataki tena."

"Hataki?"

"Nikimpa anasema mpe Cheche, mwenye macho. Lakini jana nilimwona dirishani, ameishika mwenyewe, anajaribu kwa siri. Uzi ukaingia. Naapa, uliingia mara moja tu." Mke wa Mjomba alipunguza sauti. "Akauchomoa tena. Akaitazama ile sindano kama mtu anayetazama noti bandia."

Cheche aliupeleka uzi, akakosa tundu. Akaulamba, akakosa tena. Alijiambia ni kwa sababu ya mwanga hafifu.

Mara ya pili gari la kijivu lilirudi likivutwa kwa kamba na pikapu ya mboga. Mkunga alishuka na mkoba wake wa kazi kwapani, vumbi limemfika magotini.

"Limenizimia mlimani," alisema. "Mama wa watu ana uchungu kule juu, mimi niko barabarani nawapigia honi mbuzi!"

"Na mtoto je?" mwenye gereji aliuliza.

"Mtoto amefika salama, ila si kwa msaada wenu. Amepokewa na jirani aliyekuwa anamenya vitunguu. Nilipofika kwa miguu, kichanga kinalia na jirani naye analia, sijui nani kwa vitunguu na nani kwa uchungu." Mafundi walitabasamu, yeye hakutabasamu. "Safari hii Mungu alikuwa na haraka kuliko mimi. Safari ijayo je?"

Mwenye gereji alimkalisha kwenye benchi, kisha akamvuta Cheche nyuma ya matairi.

"Lipime wewe. Pole pole, vizuri. Kama tatizo ni mkanda ule aliourudisha Mjomba, leo sitauliza mkono wa nani. Nitamwambia tu akapumzike nyumbani. Nampenda kama ndugu yangu wa tumbo moja, Cheche, lakini umesikia maneno ya yule mama."

"Nimesikia, Bosi."

Safari hii alianza na waya. Alichomoa soketi ya sensa, akafungulia swichi bila kuwasha injini, akaweka mita. Umeme wa kuilisha sensa ulikuwepo, volti tano kamili. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, ulikuwa mzima. Akairudisha soketi na kuchomeka sindano nyembamba nyuma yake, kwenye waya wa tatu, ule unaobeba ishara. Sindano hiyo, pamoja na nyingine aliyoichomeka kwenye waya wa krenki, aliziunganisha na kimashine chenye kioo ambacho huchora umeme badala ya kuuandika kwa tarakimu.

"Mjomba, nipigie stata."

Mjomba alikaa nyuma ya usukani na miwani yake ya kahawia. Injini ikawaka. Kwenye kioo, ishara ilichora meno ya mraba, moja baada ya jingine, safi kama ukuta wa ngome. Cheche aliyasubiri mpaka injini ikapata moto. Meno hayakubadilika. Kama mkanda ungekuwa umepishana, yangekuwa yameachana na mipigo ya krenki tangu mwanzo, kwenye baridi na kwenye joto vilevile.

Akaanza kuutikisa waya kwa vidole, kutoka kwenye soketi kwenda nyuma, kidogo kidogo. Alipofika nyuma ya injini, mahali ambapo kifungu cha nyaya hupita jirani na kipande cha chuma, meno yalipotea. Mstari ukawa bapa. Injini ikazima.

"Umekata mafuta?" Mjomba aliuliza kutoka ndani.

"Hapana. Kaa tu."

Alishusha kioo kidogo cha kujitazamia na tochi nyuma ya injini. Kifungu cha nyaya kilikuwa kimelegea, kimelalia ukingo wa chuma, na kwa mtikisiko wa barabara kilikuwa kimejisugua mpaka ganda likachubuka. Shaba ya waya wa ishara ilikuwa iking'aa. Kila ilipogusa chuma, mipigo ya sensa iliishia kwenye bodi la gari, na kompyuta ikabaki kiziwi. Juu kidogo ya hapo palikuwa na tundu tupu, mahali pa kibanio cha plastiki kinachozishika nyaya zisishuke.

Alilijua tundu lile. Alikuwa amekitoa kibanio kwa mkono wake ili apitishe nyaya za taa za ziada, na alikusudia kukirudisha. Siku hiyo pia mkunga alikuwa na haraka.

Kwenye meza yake kulikuwa na kopo la peremende alimowekea vitu vinavyobaki. Fundi bodi hakuchoka kumtania nalo. "Ukifunga gari ikabaki nati," alimwambia, "wewe umeipunguzia uzito tu, itakula mafuta kidogo." Cheche alilimimina kopo kwenye kiganja. Kati ya skrubu na fyuzi kilikuwepo, cheusi, chenye miguu miwili. Alikipeleka nyuma ya injini, akakisukuma tunduni. Kikalia *ta*, kama kitu kilichorudi kwao.

Akiwa ameinama pale ndipo alipoelewa na lile la kwanza. Ili kufungua kava la mkanda, Mjomba alilazimika kuzisogeza nyaya zile pembeni. Waya ukaachana na chuma, gari likapona, na kila mtu akaamini habari ya jino. Baada ya wiki za mashimo na matuta, nyaya zikashuka tena.

Aliuziba mchubuko, akaufunika waya kwa mpira mgumu, akafunga boneti. Mikono yake ilifanya kazi nzuri kuliko siku zote, huku kichwa chake kikitafuta maneno. Yakapatikana kwa urahisi uliomtia hofu.

"Ni waya tu, Bosi," alisema. "Ulichubuka nyuma ya injini. Mkanda uko salama."

Hakuna neno la uongo ndani yake. Mjomba hatafukuzwa. Hakuna atakayeaibika.

"Waya huchubuka," mwenye gereji alikubali, na mabega yake yakashuka. "Barabara zenyewe hizi. Basi leo hakuna mkono wa mtu."

Mjomba ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alishuka garini, akaivua miwani, akajifuta machozi yake ya kila siku, akamwendea mkunga kwenye benchi.

"Mama, tusamehe," alisema. "Hili la leo ni la barabara. Lile la kwanza lilikuwa langu mimi, macho ya kizee. Lakini usiogope, mikanda sishiki tena. Sasa nipo kwenye oili tu, na oili hata kipofu anaisikia ikimwagika."

Mkunga alilainika, akacheka kidogo. Fundi bodi naye akacheka. Mjomba akainama ili auchukue mkoba wa mkunga ampelekee garini, na miwani ya kahawia ikaning'inia shingoni mwake, ikigongagonga vifungo vya ovaroli.

"Bosi, uliza," Cheche alisema.

"Niulize nini tena?"

"Uliza mkono wa nani."

"Si umesema ni waya?"

"Uliza tu, Bosi."

Mwenye gereji alimtazama, kisha, kwa mazoea, akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Mkono wa nani?"

"Wangu. Huu wa leo, na ule wa kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi aanze tena. "Nilitoa kibanio nilipofunga zile taa, sikukirudisha. Kilikuwa kwenye kopo langu. Siku ile sikupima waya, nilisoma mashine tu. Mkanda haukuwahi kuruka jino."

Mjomba alisimama na mkoba mkononi. "Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Siku ile alama zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa, Mjomba."

"Niliziona ziko sawa." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayejikumbusha mahali alipoacha ufunguo. "Nilifungua kava, nikaziona zimekaa pale pale nilipoziacha. Nikatazama tena. Nikasema, mashine imesema jino, na Cheche amesema jino, mimi ndiye ninayeona visivyokuwepo. Nikautoa mkanda, nikaurudisha vilevile ulivyokuwa. Na gari ikapona. Sasa hapo ningemwambia nini mtu?"

Hakuna aliyetania. Fundi bodi alikuwa akitazama viatu vyake.

"Wewe umejua lini?" mkunga alimuuliza Cheche.

"Leo. Nilipoona tundu."

"Na ungeniacha niondoke?"

Cheche alitaka kusema kwamba alikuwa anatafuta nafasi nzuri. "Ndiyo, mama," alisema.

Mkunga alichukua mkoba wake kutoka kwa Mjomba. "Gari langu nitaendelea kulileta hapa," alisema. "Kwa ajili ya huyu mzee. Na akiligusa mwingine, awe amesimama huyu pembeni." Akaingia garini. Injini ikawaka kwa mguso mmoja.

Mwenye gereji alimrudishia Mjomba mikanda siku hiyohiyo, mbele ya wote. Kuhusu Cheche hakusema mengi. Desturi ilisema anayejibu "Wangu" airudie kazi, na kazi ilikuwa imesharudiwa. Lakini tangu siku hiyo, kabla ya kufunga boneti yoyote, Cheche hulimimina kopo lake mbele ya mteja na kuonyesha kuwa ni tupu. Wateja hudhani ni mzaha wa gereji.

Mkanda wa kwanza kumfikia Mjomba ulikuwa wa teksi. Cheche alikuwa upande wa pili akipima jenereta, lakini sikio lake lilikuwa kule, likisubiri wimbo. Mjomba alifungua kava, akaweka magurudumu, akainamisha kichwa mara moja kama zamani. Kisha akakiinamisha tena. Mkono wake ukaenda shingoni, ukaishika miwani, ukaiacha.

"Cheche, njoo utazame hapa."

"Mjomba, hunihitaji mimi."

"Njoo tu."

Alikwenda. Alijua jibu kabla hajafika, lakini aliwasha tochi, akapiga goti kwenye oili iliyomwagika, akaitazama alama ya juu, akaitazama ya chini, akarudia ya juu.

"Zimekaa sawa, Mjomba."

"Ndivyo nilivyoona mimi," Mjomba alisema. Alishika spana, akasita. "Una hakika?"

Cheche akainama tena, akatazama upya, taratibu, alama moja baada ya nyingine.

"Nina hakika."

Mjomba akaivaa miwani, akatazama na yeye, machozi yakianza kumkusanyikia. Halafu akaanza kukaza. Hakuimba. Cheche alibaki amepiga goti pembeni yake, akimshikia tochi ambayo hakuna aliyeihitaji mchana ule, mpaka nati ya mwisho.